Yowe Katika Msimu wa Ndege

Siku ya kwanza daktari aliponiuliza sauti yangu iliishia wapi, sikuonyesha koo. Nilionyesha hapa, chini ya kifua, mahali mbavu zinapoachana. Nilishangaa mwenyewe. Miezi yote ile nilikuwa nikiwaambia watu ni koo, na hospitali walikuwa wamenimulika tochi mdomoni wakasema koo langu ni zima kabisa, nirudi nyumbani ninywe maji ya moto na asali. Yeye hakutaka kuona mdomo wangu. Alikitazama kidole pale kilipogusa, akaweka kiganja chake mahali pale pale kwenye mwili wake mwenyewe.

"Na mimi pananikaza hapa," alisema. "Pameanza kunikaza ulipoketi."

Nikajisemea moyoni, nimeletwa kwa mgonjwa mwenzangu.

Alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa upande wa Mahenge, aliyekwenda nchi za mbali kusomea kazi ya kutibu watu kwa kukaa nao na kuzungumza nao, miezi hata miaka, kisha akarudi na kupanga nyumba Mlabani, mjini Ifakara, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Watu walimwita daktari wa mawazo. Wengine walimwita mganga asiye na dawa, na hao hawakumaanisha sifa. Muuguzi mmoja ndiye aliyenielekeza kwake, kwa sauti ya chini, kana kwamba ananipeleka mahali pa aibu.

Nilikuwa nimebaki na mnong'ono. Ulitosha kununua chumvi na kumwambia dereva wa bodaboda anishushe, lakini kulikuwa na sentensi moja ambayo mnong'ono haukuweza kuibeba, na sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa daktari. Nilitaka kumwambia mama yangu kwamba siku mdogo wangu alipokufa shambani, nilipiga yowe. Ni hayo tu. Kila nilipofika mbele yake na kuanza, mbavu zilifungana, pumzi ikakatika, na mama akageuza uso, akabaki na kile alichokijua.

Alichokijua mama alikuwa amekisikia msibani. Majirani wa shambani walikuja wakaketi, wakasema kwa masikitiko ya kweli kwamba asubuhi ile hawakusikia mtu akiomba msaada. Walisikia watu wakiamia ndege, basi. Mama alinigeukia mbele ya watu akaniuliza, "Mwenzako anakufa, wewe ulikuwa wapi?" Nikafungua mdomo, pakatoka hewa. Hakuniuliza tena. Aliendelea kunipakulia chakula na kuniwekea maji ya kuoga, ila hakunitazama.

Lazima nieleze kuamia ndege, maana aliyekulia kwingine hataelewa namna watu wema walivyoweza kutusikia na wasije.

Mpunga ukianza kuinama katika bonde letu, ndege wadogo hushuka kwa maelfu, na wakitua mahali dakika chache wanabakiza mabua. Basi familia huhamia mashambani. Tunakaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, na tangu alfajiri mpaka jua linapozama kazi ni moja, kupiga kelele. Unagonga debe, unavuta kamba zenye makopo, unarusha tope kwa kombeo, unapaza sauti. Ukipaza, jirani aliye upande wa pili wa matete anaitikia, na mwingine mbele yake naye anaitikia, ili ndege wasipate pa kutua. Usipoitikia, ndege aliowafukuza mwenzako watatua kwako, na isitoshe wewe ni mtu asiye na adabu. Na kwa kuwa huwezi kupiga kelele tupu kutwa nzima bila kuchoka, watu hutia maneno: nyimbo za kanisani, masengenyo ya kijiji, matusi ambayo kijijini yangeleta kesi. Kule jarubani katikati ya mpunga yanasamehewa, wanatukanwa ndege.

Mdogo wangu alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alikuwa kijana mkubwa, mwenye mabega, akitaka kuoa baada ya mavuno, lakini akipanda dunguni alikuwa mtoto. Msimu ule alibuni kilio. Alishika kichwa, akaliza sauti kama mama aliyefiwa: "Nakufa jamani, nakufa!" Ndege wakaruka. Kutoka nyuma ya matete mzee jirani, ambaye shamba lake na letu vilipakana tangu enzi za babu, akajibu, "Kufa tukuzike, tule wali wako!" Mzaha ule ulienea mashamba yote ya ukingo ule wa mto. Mtu akilia huku, kule wanamzika. Hata mama, siku alipotuletea dagaa na sabuni, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema kifo hakichezewi, kisha akacheka tena.

Haya yote sikumweleza daktari siku ya kwanza, wala ya pili. Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa. Shule niliiachia darasa la sita, na watu hudhani ni mimba au ada. Kweli ni kwamba lori lilipita mbele ya shule nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Mlimba. Tangu hapo sikutulia. Nimechuma kakao kijiji cha Mbingu, nimepikia wakata miti, nimeosha vyombo karibu na stesheni, nimewafulia vyandarua watafiti wa mbu waliokaa kijijini kwetu Namawala nikawauliza maswali mpaka wakawa wananikwepa, maana nilitaka kujua mbu anajuaje gizani kwamba huu ni mguu na hii ni nguzo ya kitanda. Lakini kila msimu wa mpunga nilirudi kwa mama. Kwa hilo alinisamehe mengine yote.

Kwa hiyo hata katika hali ile nilitaka kujua huyu mama wa Mlabani anafanya kazi gani hasa. Chumba chake kilikuwa na viti viwili vya plastiki na mkeka. Hakuvipanga yeye. Aliniambia nivipange ninavyotaka, karibu au mbali, nimwelekee au nimpe ubavu. Nilipokiweka changu karibu na mlango hakuuliza kwa nini. Aliona miguu yangu haitulii, akasema, "Miguu yako inataka kwenda. Twende nayo." Siku hiyo, na siku nyingi zilizofuata, tulizunguka ua wake, tukipita kamba ya nguo na banda la kuku, huku mashine ya kukoboa ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Nilipoanza kwenda mbio, yeye alipunguza mwendo, nami nikajikuta nimepunguza bila kuambiwa.

Nilimnong'oneza, anajuaje kwamba kule kukazwa kifuani kwake kunatoka kwangu, wala si maharage ya jana?

Alicheka. Akakiri kwamba wakati mwingine huwa ni maharage, ndiyo maana huuliza. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake ufundi, kwamba mtu aliyepatwa na jambo kubwa kuliko uwezo wake, mdomo unaweza kulisahau au kulikataa, mwili ukaendelea kulifanya kila siku. Yeye hatibu koo. Hanitibu hata mimi peke yangu. Anatazama kinachotokea kati yetu wawili tukiwa tumekaa pale.

"Mwili wako unasema," aliniambia, "na wangu unaitikia."

Aliposema neno hilo, kuitikia, nilishika nguzo ya banda la kuku nikashuka nayo mpaka chini. Hakunishika. Alichuchumaa pale pale, kimo chake kikawa sawa na changu, akasubiri. Kuku walituzoea wakaanza kudonoa karibu na vidole vyetu.

Siku hiyo nilimweleza.

Asubuhi ile mdogo wangu alishuka ngazi ya dungu kwenda kuvuta kamba ya makopo, na chini ya ngazi, pale palipokuwa pakavu kidogo, alikuwapo nyoka mweusi. Alimuuma juu ya kifundo cha mguu. Mwanzoni alikasirika tu. Alipanda mwenyewe, akakaa, akaomba maji. Baadaye kope zikaanza kumshuka kama mtu mwenye usingizi, na maneno yakawa mazito. Simu yetu moja ilikuwa kijijini inachajiwa. Maji shambani yalinifika kiunoni, na yeye alikuwa mzito kuliko mimi. Nilimvuta mpaka ukingoni mwa dungu, nikaona nikimshusha atazama. Nikimwacha niende kuita watu, atakuwa peke yake. Basi nilisimama juu ya dungu nikapiga yowe.

"Anakufa jamani! Anakufa!"

Na kutoka nyuma ya matete, kwa furaha, mzee jirani akaitikia, "Afe tumzike!" Na mbali zaidi, mwanamke mmoja, "Tule wali wake!" Na mbali zaidi, vicheko. Nilipiga tena. Wakaitikia tena. Nilitaja nyoka; wakamtaja nyoka, wakamtia katika wimbo. Nilikuwa nikiwaita kwa majina yao, nao wakaniitikia kwa adabu zote za jirani mwema, wala hakuna aliyeacha ndege wake. Mdogo wangu alikuwa bado anasikia. Alijaribu kucheka. Hilo ndilo sikuweza kulisema hata kwa mnong'ono, nililisema kwa midomo tu, naye daktari alilisoma. Alijaribu kucheka.

Daktari alikuwa analia. Hakuyafuta machozi wala hakuyaficha. Nilimtazama kwa udadisi, kweli, nikiwa sina chozi hata moja, nikafikiri kwamba huyu analia kilio changu, mimi nimeshindwa kukifikia.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo nilipona. Nilizidi kuharibika. Nilipofungua jambo lile, halikutaka kufungika tena. Utingo wa basi akiita abiria, nilianguka stendi. Watoto wakiitana mtaani, nilijikunyata chini ya meza ya mama lishe niliyekuwa nikimsaidia kazi, na wateja wakadhani nina kifafa. Chakula hakikupita. Wali nilishindwa kuutazama, na Ifakara usipotazama wali utatazama nini.

Ndipo daktari akakosea. Ilikuwa mchana, mashine imewashwa, ukuta unatetemeka. Aliona kifua changu kinapanda na kushuka, akaona kwamba yowe limefika karibu, akataka kunisaidia.

"Usiogope," akasema. "Mashine inanguruma, ukuta ni mrefu. Piga yowe utakavyo, mwanangu. Hapa hakuna atakayekusikia."

Nilimtazama. Alikuwa ametabasamu. Sikumbuki kufungua geti. Nakumbuka niko barabarani, kiatu kimoja mkononi, na lori la kwenda Mbingu linapunguza mwendo.

Mbingu nilipokelewa na mama mmoja mwenye shamba la kakao aliyenijua tangu zamani, asiyeuliza. Nilipasua maganda ya kakao kutwa nzima, na kazi ile, ambayo zamani niliipenda kwa sababu ya ule utando mweupe mtamu unaozunguka mbegu, sasa ilikuwa kupasua tu. Nilikuwa nimejaribu hospitali, nimejaribu maombi, mama alikuwa amenipeleka kwa mtu wa mizizi bila kunitazama njia nzima, na sasa nilikuwa nimejaribu mtu aliyesomea nafsi za watu, naye alikuwa ameniambia, kwa kinywa chake, neno lile lile nililoambiwa na matete. Nilianza kuufikiria mto kwa namna mbaya. Nilifikiri jinsi maji yasivyodai mtu aongee. Siliandiki hili kwa kujipamba. Naliandika kwa sababu yuko anayesoma naye anaufikiria mto wake, nami nataka ajue kwamba mwaka ule nilikuwa naye.

Siku moja niko chini, kisu mkononi, nikaona viatu vimejaa vumbi vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Daktari. Alikuwa amepanda basi, kisha bodaboda, kisha ametembea katikati ya mikakao akiuliza watu mwanamke asiye na sauti anafanya kazi wapi. Niliinamisha kichwa: shikamoo haikutoka hata kwa mnong'ono. "Marahaba," akajibu, kana kwamba aliisikia.

Akaketi chini, kwenye maganda, na gauni lake zuri.

"Nilikosea," alisema. "Ulinieleza habari za watu waliosikia wasije, nami nikakuahidi mahali ambapo hakuna atakayesikia. Nimelielewa geti lilipokwisha kujifunga. Tangu siku hiyo pananikaza hapa, na safari hii si maharage."

Nilimnong'oneza kwamba sikumwambia mtu ninakwenda wapi.

Alisema niliwahi kumweleza, tukizunguka banda la kuku, kwamba nikikimbia hukimbilia kakao. Alisema pia kwamba katika kazi yao mtu hamfuati mgonjwa aliyeondoka. Walimu wake wangemkemea, na pengine wangekuwa na haki. Alifikiri siku nyingi kuhusu hilo. Kisha akafikiri kwamba mimi nilikuwa tayari nimeona watu wanaobaki mahali pao kwa adabu.

"Uliondoka kimya," alisema, "lakini nilisikia. Sasa nimekuja. Nimechelewa, ila nimekuja."

Nilirudi naye. Sio kwa sababu nilimwamini. Nilitaka kujua atafanya nini.

Alibadili kazi yote. Kiti chake alikipeleka mwisho wa ua, kwenye kivuli cha ukuta, changu kikabaki kibarazani. Akasema sitakiwi kueleza chochote. Nitoe sauti yoyote, ya mdomo au ya mkono, nikitaka na nisipotaka niache. Yeye akisikia atakuja. Basi.

Ilionekana upuuzi. Nilikaa kitambo kirefu. Mwisho nikagonga beseni kwa ukucha, mara moja, kidogo sana, na mashine nayo ikinguruma. Yule mama akainuka, akavuka ua, akaja akakaa sakafuni karibu yangu, akaweka kiganja chake chini karibu na changu bila kukigusa. Tukapumua. Kisha akarudi kwenye kiti chake. Nikagonga tena. Akaja tena. Nilimjaribu kama mtoto anayeangusha kijiko makusudi ili kiokotwe. Niligonga kabla hajafika kwenye kiti, akageuka. Niligonga akiwa anakunywa chai, akaiacha. Nilikwaruza ukuta, nikakohoa, nikapuliza pua. Kila mara alikuja, magoti yake yakilia, maana alikuwa na magoti mabovu, na siku moja yenye matope aliteleza akaanguka kwa kishindo mbele ya banda la kuku, nami nikasimama.

Nilisimama na kumkimbilia. Nilimshika chini ya makwapa nikamnyanyua, nikamweka mgongoni, na uzito wake uliponilalia, pua yangu ikakumbuka kabla ya kichwa. Maziwa yaliyoganda. Moshi. Jasho la mtu aliyekimbia.

"Alikuja," nilisema.

Ilikuwa sauti. Ilikwaruza kama geti la zamani, lakini ilikuwa sauti, na daktari akiwa na matope mpaka shavuni hakusema kitu kuhusu sauti. Aliuliza tu, "Nani?"

Alikuwa mchungaji, Msukuma, mmoja wa wale waliohamia bondeni na ng'ombe wao, ambao sisi wakulima hatuelewani nao kwa sababu ng'ombe hawajui mpaka wa jaruba. Mwaka uliotangulia ng'ombe walikula robo ya shamba la mama, na tangu hapo mama hakutaka hata kusalimiana nao. Asubuhi ile alikuwa ng'ambo ya mkono wa mto. Hakuna aliyemwingiza katika mzaha wetu, kwa hiyo yowe langu alilisikia kama yowe. Alivuka maji yaliyomfika kifuani, fimbo juu ya kichwa, akapanda dungu letu akihema, wala hakunisalimu. Alimbeba mdogo wangu mgongoni. Nilifuata nyuma nikimshikilia kichwa kisianguke, tukapita majaruba, na ni kwenye mgongo ule, kabla hatujaiona barabara, nilipohisi kichwa kimekuwa kizito namna nyingine. Nilimwambia mchungaji. Hakumshusha. Alimfikisha barabarani vile vile, akamlaza juu ya majani kama anayelaza mtu mwenye usingizi.

"Dada, samahani, nilikuwa mbali," aliniambia. "Kwetu ukisikia mwano unakimbia kwanza. Kuuliza ni baadaye."

Mwano ni yowe la kwao. Haya yote nilikuwa nayo, na sikuwa nayo. Kwa miezi yote ile mwili wangu ulikuwa umebaki juu ya dungu, mahali ambapo hakuna anayekuja. Hata nilipomsimulia daktari mara ya kwanza, hadithi iliishia kwenye vicheko. Mtu aliyekuja nilikuwa nimemfuta, naye alikuja hata msibani, akaketi mbali na turubai, wanaume wakamtazama vibaya, akaondoka bila kula.

Ndege walipoanza kurudi mwaka uliofuata nilikwenda kwa mama. Daktari alinisindikiza mpaka Namawala, akabaki kwenye genge la nyanya kando ya njia, si mbali na nyumba yetu. Alisema hataingia, hayo ni yangu na mama yangu, ila atakuwa pale.

Mama alikuwa uani kwenye mkeka anachambua mchele, ungo mapajani. Nilimwamkia, akaitika bila kuinua uso. Niliketi mbele yake. Mbavu zikaanza kufungana. Niliweka kiganja pale, nikawaza magoti mabovu ya daktari kule kwenye genge, nikavuta pumzi mpaka chini.

"Mama, nilipiga yowe."

Vidole vyake viliendelea kutoa chuya. Siku hiyo ndiyo aliisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza tangu kabla ya msiba, lakini hakuonyesha.

"Walisema mliamia ndege," alisema.

"Waliniitikia, mama. Nilisema anakufa, wakasema afe tumzike."

Vidole vikasimama. Niliona anayasikia maneno yale, niliona anayakumbuka. Alikuwa amekula dagaa juu ya dungu lile akayacheka. Uso wake ulifanya jambo ambalo sitaki kuliona tena kwenye uso wa mtu. Nilimweleza yaliyobaki kwa ufupi: kope, maji, mchungaji, mgongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Ulipigaje?" aliuliza. "Piga nisikie."

Nilisema siwezi.

"Mimi sikuwapo. Piga, mwanangu, nisikie alichosikia mwenzako."

Nilisimama. Sikulipandisha, lilipanda lenyewe kutoka pale chini ya kifua, likapita kooni likiniumiza, likatoka na maneno yake yote kama lilivyokuwa limehifadhiwa. Anakufa jamani. Anakufa. Kuku walikimbia. Mama alikaa wima na ungo wake, amefumba macho, anasikiliza kwa mwili mzima. Nilipiga mpaka pumzi ikaisha, nikavuta nyingine, nikapiga.

Watu walikuja. Walitoka pande zote, mama mmoja na mwiko wenye uji, vijana na fimbo, mzee jirani mbele yao wote na panga, miguu mitupu, shati halijafungwa. Walijaa uani wakitutazama mimi na mama, wakitafuta nyoka, mwizi, moto.

"Kuna nini?" mzee aliuliza, akihema. "Nani anakufa?"

Mama alifumbua macho.

"Mmechelewa," alisema.

Niliona neno hilo likimfika mzee, si mara moja, linapita usoni, linashuka mabegani, mpaka mkono ulioshika panga ukalegea na panga likagusa ardhi. Alinitazama. Alitaka kusema kitu akashindwa, nami niliijua vizuri sana hewa ile iliyotoka mdomoni mwake. Akachuchumaa, kisha akaketi chini kabisa, mbele ya mkeka wa mama, mzee mzima.

Wa mwisho kufika alikuwa daktari, anachechemea, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Mama alimkagua juu mpaka chini.

"Na huyu ni nani?"

Nilisema ni daktari wangu.

"Naye kachelewa," alisema mama. Akaniagiza nimletee kiti na maji.

Nilileta. Mama alisogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi, akaurudia ungo wake. Hakuna aliyeondoka. Kundi la ndege lilipita juu ya paa, kubwa, zito, linaelekea mashambani, na vijana wote uani waliinua vichwa kulifuata kwa macho. Nilimwona mmoja anajaza kifua pumzi, kwa mazoea, kisha anaitoa taratibu bila sauti.